Kuta Zilizoona: Kuyakarabati Makanisa Yetu Bila Kuufuta Ushuhuda



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 22, kuna habari ambayo tumezoea kuisoma kwa haraka. Mfalme Yosia, katika mwaka wa 18 wa utawala wake, aliagiza hekalu la Yerusalemu likarabatiwe, maana lilikuwa limechakaa. Fedha zilizokusanywa mlangoni zikahesabiwa, wakakabidhiwa maseremala, wajenzi na waashi. Mbao zikanunuliwa na mawe ya kuchonga. Hapo, kati ya vumbi na nyundo, kuhani mkuu Hilkia akakiona kitabu cha Sheria. Hakuna aliyekuwa akikitafuta. Kilikuwa kimelala humo nyumbani mwa Mungu, watu wakiingia na kutoka. Mfalme aliposomewa maneno yake alirarua mavazi yake, na taifa likaitwa kwenye toba.

Nimeifundisha habari hiyo kwa miaka mingi kama habari ya toba, nayo ni ya toba kweli. Lakini siku hizi naisoma pia kama habari ya ujenzi. Ingekuwaje kama mafundi wa Yosia wangekuwa na haraka ya kumaliza kazi kabla ya sikukuu? Ingekuwaje kama wangekusanya kila kitu cha kale pamoja na kifusi na kukimwaga bondeni? Yuda ingepata kuta nzuri na ingelipoteza Neno.

Naandika hayo kwa sababu ya swali la kijana mmoja. Baada ya mafundisho ya kipaimara alinijia akasema: “Mwalimu, kwa nini tusiyabomoe tu haya makanisa ya zamani, tukajenga makubwa na ya kisasa kama ya mjini?” Hakuuliza kwa dharau. Siku za sikukuu watu husimama nje, mvua ikinyesha wanalowa, na kijana anayeipenda parokia yake anataka iwe nzuri. Swali lake linastahili jibu la heshima, na jibu hilo lazima lianzie hapa kwetu, Baraka na Fizi.

Siku moja ya Novemba

Tarehe 28 Novemba 1964 ilikuwa Jumamosi, siku moja kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Uasi wa Simba ulikuwa umeishika nchi yetu. Pale Baraka walikuwapo wamisionari Wasaveriani, ambao shirika lao lilikuwa limefika Kongo mwaka 1958. Padri Luigi Carrara, mwenye umri wa miaka 31, alikuwa kanisani akiwaungamisha waamini. Alasiri, gari la kijeshi likasimama mbele ya kanisa. Bruda Vittorio Faccin, miaka 30, akatoka kuwasikiliza. Akaamriwa kupanda garini, akakataa, akapigwa risasi. Padri Carrara alisikia, akatoka katika kiti cha kitubio, akapiga magoti mbele ya mwili wa ndugu yake. Naye akaamriwa kupanda. Akajibu kwamba kama walitaka kumwua, afadhali afe pamoja na ndugu yake. Akauawa palepale.

Jioni ya siku hiyohiyo waasi wakapanda hadi Fizi. Padri Giovanni Didonè, miaka 34, akafungua mlango, akafanya ishara ya msalaba, akauawa. Pamoja naye akauawa Abbé Albert Joubert, padri wa jimbo, mwana wa Kongo, mwenye umri wa miaka 56.

Hawa ndio wanne ambao Kanisa liliwatangaza kuwa Wenye Heri tarehe 18 Agosti 2024, katika Misa iliyoadhimishwa Uvira na Kardinali Fridolin Ambongo. Wengi wenu mlikuwapo, au mliwasikiliza waliorudi. Mliimba, mlicheza, mlilia. Lakini nawaomba mtazame jambo moja ambalo furaha ile iliweza kutusahaulisha: mashahidi hawa hawakuuawa katika uwanja wa vita wala gerezani. Waliuawa mlangoni. Mmoja alitoka kwenye kitubio hadi nje ya kanisa. Mwingine alifungua mlango wa nyumba ya mapadri. Habari yao ni habari ya vizingiti.

Basi, kizingiti ni kitu gani kwa fundi? Ni jiwe lililochakaa katikati kwa kukanyagwa. Ni kitu cha kwanza kung’olewa siku ya ukarabati, kiwekwe kigae kinachong’aa. Hapo ndipo hatari yetu ilipo. Wenye heri huleta mahujaji, mahujaji huleta sadaka, sadaka huleta sima na vigae, na kwa nia njema kabisa mahali penyewe palipowaleta mahujaji panaweza kufunikwa. Tukifika hapo tutakuwa tumejenga kumbukumbu juu ya kumbukumbu mpaka ya kwanza isionekane tena.

Jina la Joubert

Ili tuelewe thamani ya kitu kinachobaki, tutazame kwanza kitu kisichobaki. Abbé Albert Joubert alizaliwa mwaka 1908 upande wa Moba. Baba yake alikuwa Kapteni Joubert, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1842, aliyewahi kuwa askari wa kumlinda Baba Mtakatifu, kisha akaja kwenye ziwa letu la Tanganyika kuvilinda vijiji na misheni dhidi ya wateka watumwa. Alimwoa mwanamke wa nchi hii, Agnès Atakaye, akakaa hapa mpaka kifo chake mwaka 1927. Hivyo, damu iliyomwagika Fizi mwaka 1964 ilikuwa damu ya mtoto wa historia hiyo ndefu ya ziwa.

Historia hiyo ilipita kwetu mapema. Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879. Mwaka uliofuata walivuka ziwa na kuanza kazi katika nchi ya Masanze, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Kibanga, jirani na rasi ya Ubwari. Waliiita pia Lavigerieville, kwa heshima ya Kardinali Lavigerie aliyelianzisha shirika lao. Pale Kibanga walilelewa watoto waliokombolewa utumwani. Pale pia alifariki Askofu Léonce Bridoux mwaka 1890. Lakini magonjwa yaliwamaliza watu. Mwaka 1893 misheni ikaachwa, na wakristu wakahamia kusini, mahali palipoitwa Baudouinville, ndipo Moba ya leo.

Ndugu zangu, waliohama Kibanga walifanya vema. Walichagua watu, wakaacha matofali. Nawakumbusha hilo mapema ili mtu yeyote asidhani kwamba makala hii inaabudu kuta. Kanisa ni watu wa Mungu, na ukuta unaotishia kuwaangukia watoto wakati wa Misa hauna haki ya kubaki eti kwa sababu ni wa kale. Hata hivyo tazameni gharama yake. Waulizeni vijana wa pwani ya Ubwari juu ya Kibanga: ni wangapi wanaojua kwamba kabla ya mwisho wa karne ya 19 palikuwa na askofu mahali pale? Jengo likiondoka, na hakuna aliyeandika, vizazi vitatu vinatosha kuifanya habari iwe kana kwamba haikuwahi kutokea.

Hekima ya Mkunazini

Sasa tutoke kidogo kwetu, twende hadi Unguja, mwisho wa njia ileile ambayo misafara ya watumwa ilipita kutoka upande huu wa ziwa. Huko kuna kanisa linaloweza kutufundisha. Si la Kikatoliki, ni la ndugu zetu Waanglikana, lakini somo lake ni la wote.

Mwezi Juni mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Wamisionari wakapata kiwanja cha soko hilo pale Mkunazini, na siku ya Noeli ya mwaka huohuo jiwe la msingi likawekwa. Aliyeongoza ujenzi ni Askofu Edward Steere, mtu yuleyule aliyefanya kazi kubwa ya kuandika sarufi ya Kiswahili na kutafsiri Maandiko. Angeweza kujenga kanisa la kuifunika aibu ya mahali pale. Yeye aliiweka altare mahali ambapo, kwa mapokeo ya wenyeji, ulisimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Duara la marumaru nyeupe sakafuni linapaonyesha hadi leo. Steere mwenyewe alipofariki mwaka 1882 alizikwa nyuma ya altare hiyo.

Wenyeji husimulia pia habari ya nguzo zilizo karibu na mlango. Askofu alikuwa safarini, mafundi wakazisimamisha juu chini. Aliporudi aliona kosa, naye akaziacha hivyohivyo. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa. Nguzo zile zilizogeuzwa ni sahihi ya mafundi Waafrika ambao majina yao hayakuandikwa popote. Wangerekebishwa, wangefutwa.

Kanisa hilo lilichakaa kwa hewa ya bahari na mvua. Ukarabati mkubwa ukafanyika, ukimalizika mwaka 2016, kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na shirika la World Monuments Fund. Waliofanya kazi hiyo hawakuondoa duara, hawakuzigeuza nguzo. Na katika jengo jirani, lililokuwa hospitali ya misheni, wakaweka maonyesho ya historia ya utumwa, ili mgeni asipande ngazi za kanisa kabla ya kujua ardhi anayoikanyaga ni ya nani. Jengo likapona na ushuhuda ukabaki.

Lakini Unguja hiyohiyo inatupa onyo. Beit al-Ajaib, jumba maarufu lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake kubwa tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya kukarabatiwa, na watu wawili wakafa. Nako Paris, kanisa kuu la Notre-Dame lilishika moto tarehe 15 Aprili 2019, nalo pia lilikuwa katika ukarabati. Lilifunguliwa tena Desemba 2024, baada ya maseremala kuchonga upya mihimili ya mwaloni kwa shoka, kama babu zao wa karne za kati. Jengo la kale ni kama mgonjwa mzee: wakati wa upasuaji ndio wakati wa hatari kubwa kuliko yote. Mwenye kulikarabati na asiende kama mtu anayelima shamba.

Ukuta unapumua

Hapa naomba mnivumilie, maana mwalimu hawezi kuacha kueleza jinsi kitu kinavyofanya kazi.

Makanisa mengi ya kimisionari ya ukanda wetu yalijengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyofyatuliwa palepale, yakaunganishwa kwa udongo au chokaa. Tofali la namna hiyo lina vitundu vingi vidogo. Wakati wa mvua ukuta hunywa maji kutoka ardhini, kama utambi wa taa unavyovuta mafuta. Jua likiwaka, maji hayo hutoka nje kupitia kwenye udongo na chokaa, ukuta ukakauka. Hivyo ndivyo ulivyoweza kuishi miaka mingi: unalowa, unakauka. Unapumua.

Kisha anakuja fundi wa leo, anaona lipu imebanduka, anasema: “Tupige sima, itakaa milele.” Sima ni ngumu kuliko tofali lenyewe, nayo haipitishi maji kirahisi. Ukuta unaendelea kunywa kutoka chini, lakini sasa hauna pa kutolea. Maji yanapanda juu zaidi, yakibeba chumvi ya ardhi. Chumvi ile ikikauka ndani ya tofali inavimba na kulivunja kutoka ndani. Kwa nje mnaona ukuta laini, uliopakwa rangi nzuri. Nyuma ya rangi, tofali linageuka unga. Baada ya miaka michache lipu inaanguka vipande vikubwa, na watu wanasema, “Mnaona? Ni jengo la zamani, libomolewe tu.” Kumbe si uzee ulioliua, ni dawa tuliyoipa.

Watu wa pwani walilijua jambo hili tangu kale. Msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu yake ya kwanza ni ya karne ya 11, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Magofu ya Kilwa yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Miaka kumi baadaye, mwaka 2014, yakaondolewa kwenye orodha hiyo ya hatari, baada ya kazi ndefu iliyowashirikisha wakazi wa kisiwa. Ukuta wa chokaa ulitibiwa kwa chokaa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa sima, parokia ijiulize: maji yanatoka wapi? Mara nyingi ugonjwa mzima wa ukuta unaanzia kwenye bati lililotoboka, mfereji wa paa uliojaa majani, au udongo uliorundikana nje mpaka ukapita kimo cha msingi. Kuondoa hayo hakuhitaji mfadhili kutoka Ulaya. Kunahitaji jembe, ngazi, na vijana kumi Jumamosi asubuhi. Vilevile tusiongeze uzito wa zege juu ya kuta ambazo misingi yake haikuandaliwa kuubeba. Hapo aitwe mhandisi, hata kama itabidi kungoja.

Kanisa dogo ndani ya kubwa

Narudi sasa kwa kijana wangu na swali lake. Je, tutabaki basi na makanisa madogo, watu wakilowa nje?

Hapana. Karibu na mji wa Assisi, nchini Italia, kuna kikanisa kinachoitwa Porziuncola. Mtakatifu Fransisko alikikuta kimeachwa, akakitengeneza kwa mikono yake, na hapo ndipo shirika lake lilipoanzia. Fransisko alifariki jirani yake mwaka 1226. Mahujaji wakaongezeka mno kuliko nafasi. Watu wa karne ya 16 wangeweza kukivunja, wakajenga kikubwa mahali pake. Badala yake, kuanzia mwaka 1569 walijenga juu yake na kukizunguka basilika kubwa la Mtakatifu Maria wa Malaika, kazi iliyochukua zaidi ya miaka 100. Leo ukiingia katika basilika hilo unakikuta kikanisa kile cha mawe kikiwa kimesimama chini ya kuba, kama mtoto katika kumbatio la mama.

Hilo ndilo jibu langu. Si lazima kuchagua kati ya ukubwa na kumbukumbu. Parokia inayokua inaweza kuongeza upande, ikauacha ukuta wa mbele. Inaweza kujenga kanisa jipya jirani na kulifanya la zamani kuwa kikanisa cha kuabudu Ekaristi au mahali pa kitubio. Na pale ambapo kubomoa hakuepukiki, kwa sababu nyufa zinahatarisha maisha, bado yawezekana kizingiti kihifadhiwe mahali pake, alama iwekwe, na matofali mazima ya kale yatumike katika altare mpya. Linalokatazwa na dhamiri ni kubomoa bila kujua unabomoa nini.

Kanisa lenyewe linatuelekeza hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya liturujia ya mwaka 1963, namba 126, unawataka maaskofu wawe macho ili vyombo vitakatifu na kazi za sanaa zenye thamani visiuzwe wala kupotezwa. Kanuni ya 1216 ya Sheria ya Kanisa inadai ushauri wa wataalamu katika kujenga na kukarabati makanisa. Kanuni ya 1189 hairuhusu picha na sanamu zenye thamani kutengenezwa upya bila idhini ya maandishi ya mwenye mamlaka. Na kanuni ya 1283 inataka iwepo orodha kamili ya mali za Kanisa. Kwa hiyo fundi, mfadhili, hata kamati ya parokia, hana ruhusa ya kufanya apendavyo. Kabla ya nyundo kuna Askofu, kuna wataalamu, kuna orodha.

Ukuta kama shahidi

Bado kuna jambo moja zito, nami nitalisema kwa upole. Nchi yetu imezikwa mara nyingi. Baada ya mwaka 1964 zilikuja vita za 1996 na 1998, na katika jimbo letu la Uvira hatuwezi kumsahau paroko na watawa na waamini waliouawa katika parokia ya Kasika mnamo Agosti 1998. Kuna makanisa yetu ambayo kuta zake zimeona mambo ambayo midomo ya wazee haiwezi kuyasema.

Wapo wanaosema: tupake rangi, tusahau, tusiwafundishe watoto chuki. Naielewa nia yao. Lakini kusahau na kusamehe si kitu kimoja. Mtu hawezi kusamehe jambo analokana kwamba lilitokea. Bwana wetu Mfufuka aliwatokea wanafunzi wake akiwa na mwili mtukufu, nao mwili huo ulikuwa bado na alama za misumari. Angeweza kuzifuta. Alizionyesha, na huku akizionyesha akawapa amani. Ukuta wenye kovu, ukitunzwa kwa sala na si kwa hasira, unaweza kufanya kazi hiyohiyo. Waliowaua wenye heri wetu walikuwa watu wa kizazi cha uasi ule, na uasi ule uliwachukua vijana wengi wa nchi hii. Wajukuu wa pande zote leo wanakaa benchi moja siku ya Misa. Kizingiti kile ni cha wote, na wote wanakivuka.

Kitabu cha Ezra, sura ya 3, kinasimulia kwamba msingi wa hekalu la pili ulipowekwa, wazee walioliona hekalu la kwanza walilia kwa sauti, na wengine wakapiga kelele za furaha, hata watu hawakuweza kuitofautisha sauti ya kilio na sauti ya shangwe. Naipenda sana picha hiyo. Wazee hawakufukuzwa kwa sababu ya machozi yao, wala vijana hawakunyamazishwa kwa sababu ya furaha yao. Parokia inayokarabati kanisa lake inahitaji sauti zote mbili siku moja, mahali pamoja.

Kazi tunayoweza kuianza

Vijana, ninyi mna kitu ambacho wamisionari wa Kibanga hawakuwa nacho: simu yenye kamera karibu katika kila mfuko. Pigeni picha za kanisa lenu ndani na nje, kila ukuta, kila mlango, kila maandishi yaliyochongwa, kabla ya kazi yoyote kuanza. Pimeni urefu na upana kwa kamba, mchore katika daftari. Waendeeni wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi, muwaulize: nani alifyatua matofali haya? Udongo ulichotwa wapi? Kengele ilifika kwa njia gani? Altare ya kwanza ilikuwa wapi? Waliokuwa watoto mwaka 1964 wanapungua kila mwaka. Andikeni wanayosema, na jina la aliyesema kwa idhini yake, na tarehe. Nakala moja ibaki parokiani, nyingine ipelekwe jimboni, maana tumejifunza kwa uchungu kwamba nakala moja huungua.

Halafu safisheni mifereji. Ni kazi isiyo na sifa, lakini mtakuwa mmelinda zaidi kuliko hotuba nyingi.

Hilkia hakukiandika kitabu kile cha Sheria. Alikikuta tu, akajua kwamba hakikuwa kifusi. Kizazi chenu hakikuwajenga mashahidi wa Baraka na Fizi, wala hakikuijenga misheni ya ziwa. Mnachoombwa ni kutambua, kati ya vumbi la kazi, kipi ni kifusi na kipi ni kitabu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni sehemu gani ya kanisa letu ambayo, ikiondolewa, habari fulani ya imani yetu itapotea? Nani kati yetu anaijua habari hiyo yote?

2. Je, kuna kitu katika parokia yetu kilichokwisha kutupwa au kufunikwa, nasi tunakijutia? Tunaweza kufanya nini sasa?

3. Kuna tofauti gani kati ya kulikumbuka jeraha na kulilipizia kisasi? Jengo linaweza kutusaidiaje kutofautisha?

Tusali

Ee Bwana, uliyeziacha alama za misumari katika mwili wako mtukufu, tufundishe kuzitunza alama za upendo wako katika nyumba tulizokujengea. Uwape mafundi wetu mikono ya uangalifu, wazee wetu kumbukumbu, na vijana wetu masikio. Kwa maombezi ya wenye heri Luigi, Vittorio, Giovanni na Albert, ulijalie Kanisa letu la Baraka na Fizi kukua bila kusahau, na kusamehe bila kufuta. Wewe unayeishi na kutawala milele na milele. Amina.